Mtunzi na Mnakili: Helen Mirren katika Nafasi ya Sofya Tolstoy

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili shule za sekondari, kuna kosa moja la wanafunzi ambalo sikuchoka kulisahihisha kwa wino mwekundu. Nilipowauliza neno "mtunzi" limetokana na kitenzi gani, wengi walijibu bila kusita: "kutunza". Nami niliwaeleza kama nilivyoelezwa chuo cha ualimu, kwamba mtunzi ametokana na "kutunga". Sauti g hugeuka z inapokutana na i ya mwisho, kama vile "kujenga" inavyotupa "mjenzi". Mwenye kutunza ni "mtunzaji", na watu hawa wawili wasichanganywe. Sarufi ilikuwa upande wangu, na iko upande wangu hadi leo. Lakini hivi karibuni nimetazama filamu iliyonifanya niwafikirie upya wale wanafunzi.

Filamu yenyewe si mpya. Inaitwa The Last Station, yaani Kituo cha Mwisho, nayo ilitoka mwaka 2009. Aliiongoza Michael Hoffman kutokana na riwaya ya Jay Parini ya mwaka 1990. Inasimulia mwaka wa mwisho wa maisha ya Lev Tolstoy, yule mwandishi mkuu wa Urusi, na ugomvi uliowaka nyumbani kwake Yasnaya Polyana mwaka 1910. Christopher Plummer ni Tolstoy; Helen Mirren ni mkewe, Sofya Andreyevna. Wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar za mwaka 2010, na wote wawili wakazikosa. Binti yetu alituletea filamu hiyo katika kompyuta yake alipokuja likizo, nasi tukaketi sebuleni, mimi na mama yake, jioni moja ya mvua, tukaitazama mpaka mwisho.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Filamu hii imeikata ndoa ya miaka 48 na kutuonyesha kipande chake cha mwisho tu. Kwa kukata hivyo, ingeweza kwa urahisi kumfanya Sofya aonekane bibi kizee mwenye kelele, mpenda mali, anayemnyima mume wake amani ya uzeeni. Kilichoizuia isitende dhuluma hiyo ni mwigizaji. Helen Mirren ameigiza miaka 47 ambayo haimo katika filamu.

Sisi wa ushairi tunalijua neno "kituo" kwa maana ya pili: ni mshororo wa mwisho wa ubeti, ule unaofunga maneno. Kituo huwa kizito kwa sababu ya mishororo iliyokitangulia. Mghani akisimama mbele yetu akatupa kituo peke yake, tutasikia sauti, lakini hatutajua analia nini. Basi niruhusuni kwanza niirejeshe mishororo iliyoachwa.

Sofya Behrs, binti wa daktari wa Moscow, aliolewa mwezi Septemba mwaka 1862. Alikuwa na umri wa miaka 18. Mumewe alikuwa na 34. Kabla ya harusi Tolstoy alimpa binti huyo shajara zake za ujana azisome, na ndani yake mlikuwa na habari za wanawake aliowajua, akiwamo mwanamke mkulima wa shambani kwake. Mwandishi aliona huo ni ukweli na uadilifu. Bibi harusi aliusoma ukweli huo na kuubeba maisha yake yote. Baadaye jambo hilo hilo likaingia katika Anna Karenina, pale Levin anapompa Kitty shajara zake. Hivyo hata machozi ya siku zile yaligeuka kuwa kazi ya fasihi.

Alizaa watoto 13, wanane wakakua. Mchana alikuwa na nyumba, watoto, wagonjwa na wageni; usiku aliketi na karatasi za mumewe. Mwandiko wa Tolstoy ulikuwa mgumu kusomeka, na masahihisho yake yalijaa pembeni, juu na chini ya mistari. Sofya aliyasoma, akanakili ukurasa safi, akaurudisha. Mume aliufuta, akauandika upya, na mke akanakili tena. Husimuliwa kwamba Vita na Amani aliinakili mara saba. Hata kama hesabu hiyo imetiwa chumvi, aliyewahi kunakili kitabu chenye kurasa mia mbili kwa mkono anajua kwamba mara mbili tu zingetosha kumpa mtu haki ya kusikilizwa.

Wala hakuishia kunakili. Katika miaka ya 1880 alianza kuchapisha maandishi ya mumewe mwenyewe, akaenda kwa Anna, mjane wa Dostoevsky, kujifunza biashara hiyo inaendeshwaje. Na mwaka 1891 alifunga safari hadi St. Petersburg kumwomba mfalme Alexander wa Tatu aruhusu Sonata ya Kreutzer ichapishwe katika mkusanyiko wa kazi za mumewe. Kitabu hicho kilikuwa kimepigwa marufuku. Ni kitabu kinachoilaani ndoa, na watu wengi walidhani mke anayesemwa humo ni yeye. Alikiombea ruhusa, akaipata. Kisha akaketi akaandika kisa chake cha kujibu, akakiita Kosa la Nani?, na kisa hicho hakikuchapishwa hadi mwaka 1994, yeye akiwa kaburini miaka 75.

Hiyo ndiyo mishororo iliyotangulia. Katika filamu haimo, ila kwa kutajwa kwa maneno machache. Tunaingia nyumbani mwaka 1910 pamoja na kijana Valentin Bulgakov, katibu mpya wa Tolstoy, na tunamwona Sofya kwa macho ya mgeni. Na mgeni, kama tunavyojua, hufika nyumbani siku ya ugomvi akadhani ugomvi ndiyo nyumba.

Sasa tumtazame mwigizaji anavyofanya kazi. Mirren alizaliwa London mwaka 1945, na baba yake alikuwa mzaliwa wa Urusi, wa ukoo wa Mironoff. Alipoigiza nafasi hii alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, karibu sawa na Sofya, ambaye mwaka 1910 alitimiza miaka 66. Nalitaja hili kwa sababu mwili wake hausemi uongo. Hakupakwa uzee usoni. Anapokaa, anakaa kama mtu aliyezoea kukaa muda mrefu mezani. Anapoingia chumbani kwa mumewe, haombi ruhusa, kwa kuwa mwili wake haujasahau kwamba hicho ni chumba chake pia.

Kuna mahali anavunja vyombo. Kuna mahali anapenya roshani ili asikilize mashauri ya siri, akaangukia katikati ya wanaume wanaomjadili. Kuna mahali anaifyatulia risasi picha ya Vladimir Chertkov, mfuasi mkuu wa Tolstoy na hasimu wake. Mtazamaji hucheka, na Mirren anamwachia acheke. Mwigizaji mwoga angeomba tuhurumie kila neno lake. Huyu anakubali kuchekesha, anakubali kuchukiza, kisha ghafla anatulia, na katika utulivu huo tunaona kwamba mwanamke huyu anajua wazi anachekwa. Anajua, na hana silaha nyingine iliyobaki. Hoja zake za haki zilikwisha kusikilizwa na kukataliwa miaka mingi nyuma. Kilichobaki ni sauti.

Kisha kuna tukio la chumbani, ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu. Wazee wawili, baada ya ugomvi, wanarudia mchezo wao wa siri wa siku za ujana, wa kuku na jogoo, naye mwandishi mkuu wa dunia anawika kitandani. Mirren anacheka kicheko cha msichana wa miaka 18. Kwa kicheko hicho peke yake miaka 47 inaingia chumbani. Tunaelewa kwamba huyu hagombei fedha tu. Anagombea ushahidi kwamba maisha yale yalikuwapo, na kwamba aliyekuwa nayo ni yeye.

Najua yatakayosemwa. Wapo wanaosema kwamba Sofya wa kweli, mwaka ule, alikuwa mgonjwa wa roho, alitishia kujiua zaidi ya mara moja, aliwapekua wenziwe, na kwamba Mirren amemremba. Sikatai ugonjwa. Shajara zake mwenyewe zinautoa. Lakini mgonjwa anaweza kuwa na haki, na aliyepotewa na subira anaweza kuwa anadai deni la kweli. Hilo ndilo Mirren analolishikilia kwa pamoja, wala haliachi hata upande mmoja.

Na wapo watakaomtetea Tolstoy. Hao nami ni mmoja wao, kwa nusu ya moyo. Mzee yule alitaka maandishi yake yawe mali ya watu wote, bure, yasiwe chanzo cha utajiri wa yeyote. Mwaka 1891 alikuwa ameshatangaza kwamba yale aliyoyaandika baada ya 1881 yachapwe na yeyote atakaye. Mwalimu aliyefundisha darasa lenye vitabu vinne kwa wanafunzi arobaini hawezi kuidharau nia hiyo. Mimi nimeandika tenzi nzima ubaoni kwa sababu kitabu hakikuwapo. Ningepewa Tolstoy wangu siku zile, ningembusu mkono. Na haki isemwe: baada ya kifo chake, fedha zilizotokana na maandishi aliyoyaacha zilisaidia kununua ardhi ya Yasnaya Polyana na kuwapa wakulima.

Kosa la mzee halikuwa ukarimu. Kosa lilikuwa kugawa kwa siri kitu ambacho hakukitengeneza peke yake. Mwezi Julai 1910 alikwenda msituni, akaketi juu ya kisiki cha mti, akatia saini wosia uliomwachia binti yake Alexandra maandishi yote, hata yale ya kabla ya 1881, na nyuma ya binti alisimama Chertkov. Yale ya kabla ya 1881 ndiyo yenye Vita na Amani na Anna Karenina ndani yake. Ndiyo yenye usiku wa Sofya ndani yake. Mume aliyehubiri ukweli kiasi cha kumpa mchumba shajara zake, mwisho wa safari alimficha mkewe karatasi moja. Kama angeuweka wosia ule mezani, mbele yake, hata wangegombana mpaka alfajiri, nisingekuwa na la kuandika.

Tulipofika mahali hapo, mke wangu aliomba tusimamishe filamu. Nilidhani anataka kwenda kutazama chungu jikoni. Hakuinuka. Aliniuliza, "Baba Rehema, kwani walikwenda msituni kwa nini? Nyumba ile haikuwa na meza?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana swali lake lilikuwa limegusa mahali pengine. Niseme sasa, kwa kuwa nimeanza kuwahukumu wengine.

Nilipokuwa kijana nilituma mashairi magazetini na redioni. Mke wangu alikuwa muuguzi wa zahanati, lakini amekulia Tanga, katika nyumba iliyokuwa ikighani tenzi, na sikio lake la mizani ni kali kuliko langu. Yeye ndiye aliyenakili mashairi yangu katika kaunta buku, kwa mwanga wa taa ya chemli, akirudi zamu ya usiku au akiingoja. Mwandiko wangu haukuwa wa kutumwa kwa mhariri. Akinakili, husema, "Hapa mizani imepungua," nami hukuna kichwa. Siku moja nilimwachia shairi lenye ubeti uliovunjika nikaenda kusimamia mitihani. Niliporudi ubeti ulikuwa mzima. Kituo chake kilikuwa kipya, si changu. Shairi lilichapishwa kwa jina langu, na kituo kile ndicho watu walichokishika. Nimekutana nacho midomoni mwa walimu wenzangu zaidi ya mara moja, wakanipongeza, nami nikashukuru. Ni miaka zaidi ya 30 sasa. Sikuwahi kumwambia mtu. Sikwenda msituni kutia saini chochote, lakini kunyamaza nako ni namna ya wosia.

Usiku ule nilimwambia kwamba katika diwani ninayoiandaa nitamwandikia tabaruku nzuri. Nilidhani nimetoa kitu kikubwa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Usiniweke kwenye tabaruku, Mwalimu. Hapo huwekwa marehemu na wageni wa heshima. Niweke pale panapoandikwa nani alifanya nini."

Katika sentensi hiyo alikuwa amenifafanulia Sofya kuliko nilivyoweza kujifafanulia. Tolstoy hakumnyima mkewe shukrani. Hata barua aliyomwachia alipotoroka usiku ule wa vuli ilikuwa na shukrani ndani yake. Sofya hakuwa akiomba kushukuriwa. Alitaka kuhesabiwa. Shukrani hutolewa na mwenye mali kwa aliyemsaidia. Hesabu hufanywa baina ya washirika. Ndiyo maana sura ya Mirren huwa ngumu zaidi pale anapozungumziwa kwa upole, kama mgonjwa wa kubembelezwa, kuliko pale anapotukanwa.

Nikamkumbuka Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake ulitungwa karibu mwaka 1858, miaka minne tu kabla ya harusi ile ya Urusi. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mtawala na mpiganaji aliyesumbua majeshi ya Sultani. Mke alikuwa mgonjwa, akiacha wosia kwa bintiye. Leo ni wangapi wanaolijua jina la Bwana Mataka bila kupitia jina la mkewe? Wosia wa mama yule umeishi kwa sababu aliutunga yeye, kwa jina lake. Mtu anaweza kubishana na mafundisho yake juu ya mke na mume, na wengi wamebishana. Lakini hakuna anayeuliza ni wa nani. Sofya naye aliandika: shajara za miaka mingi, kisa chake cha kujibu, kumbukumbu ndefu za maisha yake. Yeye hakukosa kalamu. Alikosa wa kumchapishia wakati angali hai.

Tufike kituoni. Tolstoy aliugua safarini akalazwa katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo. Sofya alikodi treni akamfuata. Hakuruhusiwa kuingia. Alizunguka nje siku kadhaa, akichungulia, huku waandishi wa habari wa dunia nzima wakiwa wamejaa pale. Alipoingizwa hatimaye, mumewe hakuwa tena na fahamu. Mzee alifariki tarehe 20 Novemba 1910, kwa kalenda ya sasa. Wapiga picha za sinema walikuwapo, na picha zao za kimya zimemhifadhi mwanamke yule akiwa nje ya nyumba, penye dirisha. Kwa hiyo nafasi hiyo ya Sofya katika sinema aliigiza mwenyewe, bila kutaka, nayo ilikuwa nafasi ya mke aliyefungiwa nje.

Karibu miaka mia moja baadaye Helen Mirren amempa nafasi nyingine. Filamu nayo inamfungia nje, kisha inamfungulia mlango mwishoni. Wapo watakaosema mlango ule umefunguliwa kwa ulaini kuliko ilivyokuwa. Huenda. Lakini nilipomwona Mirren akiinama juu ya kitanda kile sikumwona mjane mtarajiwa. Nilimwona mnakili aliyerudi mezani kwake kuangalia kama ukurasa wa mwisho umesomeka.

Kwa hiyo ninawaomba radhi wanafunzi wangu, si kwa sarufi, maana sarufi haijabadilika: mtunzi ni wa kutunga. Ninawaomba radhi kwa kuwa niliwafundisha kwamba mtunzi na mtunzaji wasichanganywe kamwe, na nyumbani kwangu wakati huo huo kituo bora katika mashairi yangu kilikuwa kimetungwa na aliyekuwa akinitunza.

Diwani itakapotoka, chini ya shairi lile patakuwa na majina mawili. Yeye mwenyewe ameshaisoma rasimu. Ameirudisha ikiwa na alama mbili za kalamu: jina lake ameliacha kama lilivyo, na katika ubeti wa tatu ameandika pembeni kwamba mizani imepungua.